Dawa Inayokimbia Jua

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Koleo, naye akaitika bila kinyongo, kwa sababu mtu akiitwa kwa kazi yake anajua walau kwamba kazi hiyo imeonekana. Alikuwa fundi umeme wa enzi zile ambapo ufundi ulianza kwa kumshikilia mwalimu wako ngazi mpaka viganja viote sugu, na bisibisi hukupewa kabla hujajifunza kunyamaza. Siku hizi mtu anatazama video jioni, asubuhi keshakuwa fundi. Lakini tuyaache hayo. Tukianza kuulilia ufundi, matanga hayatakwisha.

Koleo alijivunia mambo mawili. La kwanza lilikuwa mkono wake wa kulia. Hakupima umeme kwa testa kama wengine. Alitanguliza mgongo wa vidole, akagusa waya harakaharaka kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa asiyempenda sana, kisha akatoa hukumu: "Upo." Au, "Haupo." Testa aliiita fimbo ya kipofu. Na kweli alikuwa amefika uzeeni na vidole vyake vyote, jambo ambalo wenzake walilihesabu kuwa ni ufundi, na mkewe akalihesabu kuwa ni huruma ya Mungu kwa wajinga.

La pili lilikuwa bwawa la kuogelea la nyumba ya wageni iliyokuwa mwisho wa barabara. Bwawa lile alilitia nyaya yeye mwenyewe lilipokuwa bado shimo, siku ambazo mwashi, fundi bomba, fundi chuma na fundi umeme walikula chini ya turubai moja na kugombania kivuli kimoja. Enzi hizo mwashi hakuthubutu kumwaga zege kabla ya kupaza sauti, "Wa umeme! Umemaliza yako?" Na wa umeme hakuondoka bila kumshika fundi chuma mkono na kumwonyesha waya asioruhusiwa kuugusa. Walitukanana kutwa nzima, lakini kila mmoja alijua chini ya zege kuna nini. Taa za ndani ya maji zilipowashwa mara ya kwanza, bwawa likang'aa kama jicho la paka, na Koleo akasimama ukingoni na kandambili zake akijifanya anakagua, kumbe anajitazama.

Sasa bwawa lilikuwa la mtoto wa mwenye nyumba wa kwanza, kijana mpole aliyerithi nyumba, wageni na malalamiko ya wageni. Kijana huyo alikuwa amefungiwa na watu fulani swichi ya kujikata: kisanduku cheupe ambacho kikihisi umeme unavuja hata kidogo, kinakata chenyewe kabla mtu hajasema aa. Basi kisanduku kikaanza kukata. Jioni wageni wanakula kando ya bwawa, mara giza. Kikirudishwa, kinakata tena. Koleo akaitwa. Akagusa hapa, akagusa pale, akasema haupo.

"Hiki kidude kina deko la mtoto wa mwisho," alimwambia kijana. "Kikiguswa kinalia, kisipoguswa kinalia. Sisi tumewasha taa hizi miaka nenda rudi bila yaya."

Akakiruka. Alichukua waya akauunganisha moja kwa moja, na kisanduku kikabaki ukutani kama picha ya marehemu: kinaonekana, hakisemi. Taa zikawaka bila kukatika tena. Kijana akashukuru, na Koleo akarudi nyumbani amechangamka, akamsimulia mkewe jinsi uzee ulivyoushinda usasa.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu. Miaka yake ya kusimama mbele ya masufuria ilikuwa imeyala magoti yake, na daktari alimshauri afanye mazoezi majini, ambako mwili ni mwepesi. Kijana wa nyumba ya wageni, kwa heshima ya akina mama watu wazima, aliwaruhusu wanawake wa mtaa waingie bwawani alfajiri kabla wageni hawajaamka. Wakawa kikundi. Kiongozi wao alikuwa mshonaji nguo wa pale kona, mama mnene mwenye sauti ya kuuzia mnadani, aliyewashonea wenzake nguo za kuogelea zenye marinda mengi kiasi kwamba wakiingia majini walifanana na maua yaliyoangukia kwenye ndoo.

Asubuhi moja mkewe alirudi akitembea kama msichana.

"Baba watoto, yale maji yana dawa."

"Yana klorini," alijibu Koleo, hakuinua macho kutoka kwenye kikombe chake.

"Nakwambia yana dawa. Ukiwa ndani, ukaishika ile ngazi mpya ya chuma, kuna kitu kinapanda mkononi, kinakutekenya mpaka begani. Leo goti langu limevuka kizingiti bila kuniomba ruhusa."

"Kutekenya? Kwa umri huo?"

"Wivu tu. Wewe mara ya mwisho kunitekenya ilikuwa lini?"

Koleo akajificha ndani ya kikombe. Lakini neno lilimwingia. Fundi umeme akisikia chuma kinatekenya, hata akiwa mkaidi namna gani, kuna kengele inayolia kichwani. Mchana huo alikwenda bwawani. Jua lilikuwa la utosini, vigae vinachoma. Akasimama ukingoni pakavu, kandambili za mpira miguuni, akainama, akaigusa ngazi kwa mgongo wa vidole. Akangoja. Akagusa tena. Chuma kilikuwa cha moto, basi.

"Haupo," alitangaza aliporudi. "Nimegusa kwa mkono huu huu."

"Uliingia majini?"

"Niingie kufanya nini? Mimi fundi, si chura."

"Basi usiiseme dawa ambayo hujainywa," mkewe akamaliza, akaenda zake jikoni.

Dawa ikapata jina mtaani. Mshonaji alisema mgongo wake, ambao ulikuwa umepinda juu ya cherehani tangu ujana, sasa unanyooka. Mwingine alidai analala usingizi wa mtoto. Wakapanga foleni kwenye ngazi, kila mmoja na zamu yake, na aliyezidisha zamu alivutwa marinda. Mshonaji akamleta dada yake mkubwa, mama dhaifu wa moyo aliyetembea kwa kuhema, ili naye apate nafuu. Koleo alicheka sana. Alisema zamani watu walikuwa na waganga wenye hadhi, leo wanatibiwa na ngazi.

Siku iliyofuata, kabla hakujapambazuka, mshonaji alipita kumchukua mkewe. Alisimama langoni akapaza ile sauti yake.

"Mama weee! Harakisha! Dada keshatangulia. Unajua dawa yenyewe jua likichomoza inakimbia!"

"Nakuja, nakuja! Natafuta taulo."

Wakaondoka wakicheka. Koleo akabaki mezani na chai yake, akitabasamu. Dawa inayokimbia jua! Imekuwa popo sasa. Akanywa funda moja. Akaanza la pili, halikushuka.

Jua halina ugomvi na dawa. Pale bwawani kitu kinachokimbia jua ni kimoja tu. Kukipambazuka mlinzi huzima taa.

Aliweka kikombe chini taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha nyoka. Yeye alikuwa amekwenda kupima saa sita mchana, taa zimezimwa, amesimama pakavu juu ya mpira. Alikuwa amekwenda kumpima mgonjwa wakati mgonjwa hayupo nyumbani, akarudi akisema ni mzima. Na mwanamke aliyekuwa ameishi naye umri wote wa utu uzima wake alikuwa saa hiyo ndani ya maji, taa zimewashwa, anakishika chuma kile kwa hiari yake mwenyewe. Anakipenda.

Koleo hakuwa amekimbia tangu watoto wake waache kuiba machungwa ya jirani. Alikimbia. Mlinzi alimwona anaingia langoni, shati nje, akadhani kuna mwizi, akatafuta mwizi nyuma yake.

Bwawa liling'aa vizuri sana alfajiri ile. Wanawake walikuwa wamepanga mstari majini, marinda yanaelea. Siku hiyo mshonaji alikuwa ameleta ubunifu: wameshikana mikono ili dawa iwafikie wote kwa pamoja, na wa mbele kabisa, mkono mmoja umejisogeza kuelekea ngazi, alikuwa mkewe. Wa pili yake alikuwa yule dada mwenye moyo dhaifu.

Koleo alifungua mdomo apige kelele, "Tokeni!" Akaufunga. Mtu akiambiwa atoke bwawani anashika nini? Anashika ngazi, tena kwa mikono yote miwili. Akaimeza kelele yake, akapita nyuma yao kwa hatua za mtu anayekwenda chooni. Akaingia chumba cha pampu na kuishusha swichi kubwa.

Taa zikazimika. Pampu ikanyamaza. Bwawani kukatoka mguno wa watu walionyang'anywa chakula mdomoni.

"Nani huyo amekata dawa?"

"Ni mimi!" Sauti yake ilitoka nyembamba, hakuitambua. "Msiiguse ngazi! Tokeni kwa vidato vya zege, huko kwenye kina kifupi. Polepole. Mama watoto, tangulia wewe."

Walitoka wakilalamika, maji yanawachuruzika. Mshonaji alimjia kiuno kimeshikwa.

"Shemeji, una roho mbaya. Umetukatia dawa."

"Nimewakatia shoti."

"Shoti gani inayoponya mgongo?"

"Hii ya leo ilikuwa ndogo. Ingekuja siku ikakua, ingewaponya kila kitu, hata uzee."

Hapo hakuna aliyecheka. Mshonaji alimtazama dada yake, ambaye alikuwa ameketi kwenye kiti akihema, amejifunga taulo, hajui bado kwamba anazungumziwa. Yule mama wa sauti ya mnada akakaa chini juu ya vigae, hapo hapo alipokuwa.

Kijana wa nyumba ya wageni alikuja mbio akiwa na ndala na nguo za kulalia. Akasikiliza, akajikuna kichwa, kisha akauliza swali alilouliza bila ubaya wowote, na pengine ndiyo maana lilichoma.

"Lakini mzee, si kile kisanduku ndicho kilichokuwa kinakata kila jioni? Au kilikuwa kibovu kweli?"

Palikuwa na njia nyingi za kulijibu swali lile. Koleo alizijua zote. Fundi hafiki uzeeni bila kujifunza kumsingizia mvua, panya na mwashi. Lakini mkewe alikuwa amesimama pale, maji yanamtiririka, anamtazama.

"Kilikuwa kinasema kweli," alisema. "Mimi ndiye niliyekifunga mdomo."

Mkewe alijifunga taulo, akaondoka kwenda nyumbani na hakumngoja. Na alipofika nyumbani, chakula alimwekea kama kawaida, chumvi ikiwa sawasawa, ila hakumwita mezani. Wanaume wa leo huenda wasijue ukubwa wa adhabu hiyo. Koleo aliijua.

Akarudi kazini. Maji yakatolewa, taa zikafunguliwa. Mpira wa kuzuia maji kwenye taa moja ulikuwa umekauka na kukatikakatika kama kisigino cha mzembe, na ndani ya taa samaki angeweza kuishi. Waya wa ardhi, ule wa kuupeleka chini umeme uliopotea njia, ulikuwa mzima mpaka kwenye kibano chake cha mwisho, na hicho kibano alipokigusa kilimwagika unga wa kutu. Hayo yalikuwa yake. Lakini palikuwa na la tatu ambalo hakulielewa. Zamani ngazi, pampu, vyuma vya taa na nondo za ndani ya zege viliunganishwa vyote kwa waya mmoja wa shaba usiovaa kitu. Aliufunga yeye. Kwenye ngazi mpya haukuwepo.

Akaitwa fundi wa kuchomelea aliyeiweka ngazi hiyo, mtu wa makamo waliyemwita Cheche, aliyefanya kazi tatu mahali patatu kwa wakati mmoja na simu ikiwa begani.

"Kale kawaya kalikoota kutu ya kijani?" alisema Cheche. "Nilikakuta kameng'ang'ania mguu wa ngazi ya zamani. Nikaona takataka, nikakakata."

"Hukuuliza mtu?"

"Nimuulize nani, mzee wangu? Nilikuta bwawa peke yake. Bosi yuko kwenye simu, mwashi keshaondoka, wewe sikujui. Ningeuliza maji?"

Koleo alikuwa na matusi mazuri kwa ajili ya watu wa aina hiyo, ameyatunza kwa muda mrefu. Akayatafuta, akaona hayamfai Cheche peke yake. Mmoja alikuta waya asioujua akaukata. Mwingine alikuta kisanduku asichokipenda akakiruka. Wote wawili hawakuuliza.

"Kaa hapa nikueleze," alisema.

Mshonaji naye alikuwepo. Alikuwa amekuja kusimamia, alivyosema, kwa niaba ya wagonjwa.

"Umeme ni kama umbea," Koleo alianza. "Umbea hausafiri kati ya watu wanaojua jambo lile lile. Unasafiri pale huyu anapojua na yule hajui. Sasa hapa taa imevuja, maji yamejua jambo. Ngazi imesimama kwenye ardhi, haijui. Mama ameweka mwili majini na mkono kwenye ngazi. Umbea utapita wapi?"

"Kwa mama," akasema Cheche.

"Kwa mama. Ule waya wa shaba unavishika vyuma vyote mkono: ngazi, pampu, nondo, taa. Akijua mmoja wamejua wote, maji nayo yaliyo katikati yao yanajua. Umbea hauna pa kwenda. Ule wa ardhi kazi yake nyingine: unaupa umeme uliopotea njia pana ya kurudi, ili swichi ishtuke ikate. Na kisanduku ndicho mlinzi asiyesinzia. Ukiondoa mmoja unategemea wawili. Sisi tuliwaondoa wote watatu."

Mshonaji alifikiri kidogo. "Huo waya wa kumaliza umbea," alisema, "hauwezi kuvutwa mpaka kwangu?"

"Mama, shaba ya dunia nzima haitatosha."

Wakafanya kazi pamoja, yeye na Cheche. Walifukua kandokando ya bwawa, wakauzungusha waya wa shaba, wakaubana kwenye kila chuma ambacho mkono wa mtu ungeweza kufika. Kibano kipya kikafungwa kwenye chuma cha ardhi. Taa za zamani zikang'olewa, zikaja ndogo zinazotumia umeme hafifu kutoka kwenye transfoma iliyowekwa mbali na maji. Kisanduku kikarudishiwa kazi yake. Koleo alikibonyeza kitufe cha majaribio, kikakata kwa mlio mdogo wenye kiburi, naye akavumilia. Cheche aliuliza kabla ya kukata hata uzi: "Huu je? Na huu?" Hakuwa anauliza kwa adabu za kale, alikuwa anauliza kwa woga. Koleo akapokea. Adabu nyingi za kale, tukisema ukweli, zilianza hivyo hivyo.

Na dukani alinunua mita ya kupimia. Akaificha ndani ya gazeti, kama mvulana aliyenunua sigara.

Alfajiri ya kufungua, taa ziliwashwa na wanawake wakaja na marinda yao. Walijipanga ukingoni. Hakuna aliyeingia. Watu wale wale waliovutana foleni ili waiguse ngazi sasa waliitazama kama mbwa wa jirani.

"Nimepima," alisema Koleo. Akawaonyesha mita. "Ngazi na maji, sifuri. Ngazi na pampu, sifuri. Tazameni wenyewe."

"Hicho kidude hakina magoti," alisema mshonaji. "Sisi tunayo."

"Basi nitie mkono mimi."

"Mkono wako tunaujua, shemeji. Ndio uliosema haupo."

Kijana wa nyumba ya wageni alikohoa. Ilionekana watarudi makwao, na hapo mkewe, ambaye tangu siku ile alikuwa akimpa maneno ya lazima tu, akavua kandambili. Hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye ngazi, akageuka, akaishika kwa mikono yote miwili na kushuka, kidato kwa kidato, maji yakapanda kwenye marinda, kiunoni, kifuani.

Koleo alirudi kinyumenyume mpaka mlango wa chumba cha pampu, akaweka mkono juu ya swichi kubwa. Mita ilisema sifuri. Aliijua sifuri. Alikuwa ameipima mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Lakini yule pale hakuwa mita.

Mkewe alisimama majini, mikono kwenye ngazi, macho ameyafumba.

"Mama watoto?"

Kimya.

"Mama watoto, unasikia kitu?"

"Uuuwiii!"

Swichi ilishuka kabla kelele haijaisha. Bwawa likaingia giza, pampu ikafa, na Koleo akawa tayari yuko ukingoni, amepiga magoti kwenye vigae, mikono ameinyoosha juu ya maji, anamwita kwa jina ambalo hakuwa amelitumia mbele ya watu tangu siku ya harusi.

Mkewe alifumbua jicho moja.

"Maji ya baridi," alisema.

Wanawake wakaangua kicheko. Mshonaji alilazimika kumshika dada yake asianguke. Koleo alibaki pale pale amepiga magoti, mdomo wazi, anatafuta tusi lolote, hata dogo.

"Mwanamke wewe... ungeniua!"

"Nilitaka kuona kama utakimbia."

"Sasa?"

"Umekimbia." Akamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Haya, nenda ukawashe. Na ukimaliza usipotee, chai tunakunywa pamoja."

Nyuma yake wanawake walikuwa wameanza kushuka, mmoja mmoja, wakiishika ngazi na kusukumana. Koleo aliinuka, akarudi chumba cha pampu. Mkono wake wa kulia peke yake haukuweza kuipandisha swichi, akausaidia na wa kushoto.